Vidole huumia wakati wa kutua

Mtu akisikia fulani kaumia mkono kazini kwa sababu ya mzigo mzito, mawazo yake huenda kwenye kunyanyua. Anaona mgongo uliokunjika, mishipa ya shingo iliyotutumka, mzigo unaoponyoka njiani. Nimefanya kazi ya ufundi wa mitambo hapa Mtwara miaka mingi, kwenye karakana na kwenye viwanda vya kubangua korosho, na mikono niliyoiona ikiharibika, wangu ukiwemo, karibu yote haikuharibika kwenye kunyanyua. Iliharibika kwenye kutua.

Wakati wa kunyanyua kila mtu yuko macho. Miguu imepangwa, mikono imeshika, mmoja anahesabu na wengine wanamsikiliza. Kitu kikishindikana, kinashindikana kikiwa bado chini, na watu wanakiacha hapo hapo. Kutua ni habari nyingine. Mikono imeshachoka, jasho limeingia machoni, kila mtu anatamani kuachia, na mzigo ukifika karibu na mahali pake ndipo inapoonekana kwamba hautakaa sawa: kamba imebaki chini yake, au tundu la bolti limepishana na mwenzake. Mmoja anapeleka mkono kurekebisha. Waliobeba hawauoni mkono huo, kwa sababu mzigo wenyewe umewakinga macho.

Mzigo wangu ulikuwa mota ya umeme ya kilowati 15. Mota ya ukubwa huo yenye bodi ya chuma haipungui kilo 100. Juu yake kuna jicho la chuma, na jicho lile halikuwekwa kwa urembo. Ni mahali pa kupitisha ndoano ya winchi ya mnyororo, ile ambayo sisi mafundi tunaiita chenibloku. Siku hiyo chenibloku ya kiwandani ilikuwa imepelekwa kwingine. Niliiulizia asubuhi, nikaambiwa itarudi kesho. Lakini tulikuwa katikati ya msimu, mashine imesimama, korosho zimerundikana, na akina mama wa kubangua wamekaa wanasubiri. Wao wanalipwa kwa kilo walizobangua, hawalipwi kwa saa walizokaa, kwa hiyo kila dakika ya kusubiri ilikuwa inatoka kwenye unga wa watoto wao. Hakuna aliyetulazimisha kwa fimbo. Tuliletewa mti na kamba, vijana wanne wakaweka mti begani, wawili mbele na wawili nyuma, mimi nikaongoza.

Tulifika salama. Mota ikawa inaning'inia kama sentimita 2 juu ya kitako chake, matundu matatu yamelingana, la nne limepishana. Nikapeleka mkono wa kushoto kuisukuma, kama walivyokuwa wakifanya mafundi walionifundisha kazi na kama mafundi wengi wanavyofanya hadi leo. Kijana mmoja wa nyuma bega likamshinda, mti ukashuka. Mota haikuanguka. Iliteremka zile sentimita 2, basi.

Simlaumu kijana yule, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzake, maana alikuwa ameanza kukimbia macho yangu. Alikuwa amebeba magunia tangu alfajiri kabla hajaitwa kwetu. Bega la mtu lina mwisho wake, na kazi iliyopangwa kwa kutegemea kwamba bega halitachoka imepangwa vibaya tangu mwanzo.

Glavu nilikuwa nimevaa. Nalisema hili kwa sababu jambo la kwanza watu huniuliza ni glavu. Glavu ya ngozi inazuia mkwaruzo, inazuia ncha ya waya, inakupa mshiko mzuri kwenye chuma chenye mafuta. Haizuii kilo 100. Na karibu na kitu kinachozunguka, kama mkanda wa mashine au ekseli, glavu inaweza kukuvuta mkono mzima ndani. Mwajiri anayegawa glavu na kuona amemaliza habari ya mikono ya watu wake bado hajaanza.

Saa ile ya kwanza nitaieleza polepole, kwa sababu wengi mnaosoma hapa mnafanya kazi mbali na zahanati, na aliye karibu na majeruhi ndiye daktari wake wa kwanza.

Fundi mkuu wetu, mzee mmoja mtulivu sana, alifanya jambo ambalo hadi leo namwombea dua kwalo: kabla hajafanya lolote, alinivua pete. Kidole kilichopondwa huvimba haraka, na pete ikishabanwa inazuia damu kufika mbele. Hapo kidole ambacho kingepona kinaweza kufa. Kisha akachukua kanga safi kwa mama lishe aliyekuwa nje ya geti, akakandamiza penye damu, akaniambia niuinue mkono juu ya usawa wa moyo na nisiushushe hadi tufike. Mwingine alikuwa amekuja na mafuta ya taa kwenye kikopo. Mzee akamrudisha. Mafuta ya taa, majivu, kahawa, dawa ya meno, vyote nimeviona vikipakwa kwenye vidonda hapa kwetu, na kazi ya kwanza ya nesi inakuwa kuviosha huku mgonjwa akilia. Nimeona pia watu wakifunga kidole kwa kamba ya kiatu ili damu isimame. Damu ya kidole inasimama kwa kukandamiza kwa kitambaa safi na kuwa na subira. Kipande kikikatika kabisa, kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu. Kisigusane na barafu yenyewe. Kiende na majeruhi, daktari ndiye atakayesema kama kinafaa.

Tulipanda bajaji. Hospitalini nilichomwa sindano ya pepopunda, nikapigwa picha ya eksirei, nikasafishwa. Pingili ya mwisho ya kidole cha kati ilikuwa imesagika, haikuokoleka. Ya katikati kwenye kidole cha pete ilikuwa imevunjika. Ncha ya kidole cha kati ikaondolewa pale kwenye kiungo, cha pete kikanyooshwa na kufungwa gango, yaani kibao cha kukishikilia kisicheze. Daktari alinionya jambo moja kabla sijaruhusiwa: kama usiku maumivu yatazidi badala ya kupungua, hata baada ya dawa, mkono ukakaza na kung'aa, na mtu akijaribu kuninyoosha vidole nikaona nyota, nirudi usiku huo huo, nisingoje asubuhi. Mkono uliopondwa unaweza kuvimbia ndani hadi damu ikakosa njia, na hapo kinachohesabiwa ni saa chache tu. Kwangu halikutokea. Lakini ni onyo ambalo kila aliyepondwa mkono anastahili kupewa, na wengi wanarudi nyumbani bila kuambiwa.

Sasa niseme la wiki zilizofuata, maana huku ndiko mikono mingi inakopotelea, na huku hakuna anayeandika.

Mtu akiumia mkono, nyumba nzima inamwambia apumzike. Anakaa kwenye mkeka, mkono umelala mapajani, umeelekea chini, na anaulinda kama yai. Mkono ukining'inia, uvimbe unashuka na kukaa nyuma ya kiganja, ambako ngozi ni legevu. Uvimbe huo unavuta vifundo vya kiganja vinyooke na vidole vijikunje kidogo, na mkono unaona raha kukaa hivyo. Ndiyo raha inayoumaliza. Kano ndogo za pembeni mwa viungo zinafupika zikiwa katika mkao huo, kano za kukunjia zinagandana na nyama iliyo jirani, na baada ya wiki kadhaa mfupa umeunga vizuri kabisa lakini mkono haukunjiki. Mfupa wa kidole huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuunga. Ugumu wa viungo hausubiri kiasi hicho.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyepelekwa kwake alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, na sikuwahi kukutana na mtu mkali kama yeye kwa mgonjwa wake. "Kaka, kidole kilichofungwa ni kimoja na nusu," aliniambia. "Hivi vingine vimefungwa na nani?" Akanionyesha jinsi gango linavyotakiwa kukaa: kifundo cha mkono kimeinuliwa kidogo nyuma, vifundo vya kiganja vimekunjwa, vidole vimenyooka, yaani kinyume kabisa na mkao ambao mkono mgonjwa unaupenda. Vidole vizima nivikunje na kuvinyoosha tangu siku zile zile za mwanzo, kila ninapokumbuka. Kiwiko na bega vizunguke, maana bega nalo linaganda kama mkono umening'inizwa kwenye kitambaa muda wote. Usiku mkono ulale juu ya mto.

Nyumbani kulikuwa na maoni mengine. Mama mkwe wangu alitaka kunichua kwa maji ya moto na chumvi. Shemeji alikuwa na mtu wake huko upande wa Newala, fundi wa mifupa, aliyewahi kumwunga ndugu yao mguu. Siwadharau watu hawa. Wazee wetu waliunga mifupa kabla hospitali hazijajengwa, na mama mkwe alikuwa ananipenda kwa vitendo. Ila nimeona kijana wa Tandahimba aliyefungwa vijiti na kamba kwa kukazwa sana, akaambiwa maumivu ndiyo dawa inafanya kazi, na alipofunguliwa vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Na kuchua kwa nguvu mfupa ambao bado haujashikana ni kuuvunja upya. Nilimwomba mama mkwe anisaidie kitu kingine: awe ananikumbusha kila baada ya sala nifanye mazoezi yangu. Alikubali, na alikuwa hasahau.

Niliumia mkono wa kushoto, na watu wakaniambia nina bahati. Ni kweli nilikula kwa mkono wangu na niliandika kwa mkono wangu. Lakini kwetu sisi mkono wa kushoto una kazi zake ambazo hazitajwi kwenye chakula, na mtu mzima akifungwa bandeji mkono huo anajikuta chooni hajui afanye nini. Mke wangu alinisaidia bila kunifanya nione aibu. Katika yote aliyonifanyia, hilo ndilo kubwa kwangu. Kwenye udhu shehe wa mtaani aliniondolea wasiwasi: nipanguse juu ya bandeji, inatosha. Naandika haya kwa sababu yaliponikuta sikumsikia mwanamume hata mmoja akiyasema, na nilidhani ni mimi peke yangu.

Gango lilipotoka, ikaja kazi ya ngozi. Ncha ya kidole kilichokatwa ilikuwa inauma hata kwa kuguswa na shuka. Mishipa ya fahamu iliyokatwa inapoota upya, mwendo wake ni kama milimita 1 kwa siku, na inapoota huwa inapiga kelele kwa kila kitu. Dawa yake ni kuizoesha. Dada yule alinianzisha na pamba, nikapanda kwenye kitambaa cha khanga, kisha taulo. Baadaye bakuli la mchele, mkono mzima ndani, nikitafuta kifungo kilichofichwa humo bila kuangalia. Baada ya mchele choroko. Mwisho mchanga wa ufukweni pale Shangani, asubuhi maji yakiwa yametoka, mchanga mkavu kwanza halafu uliolowa. Watoto walikuwa wananishangaa nikichimba kama natafuta chaza. Kucha ya kidole cha pete, iliyong'oka, ilirudi taratibu sana. Kucha za mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo kupata kucha nzima ni habari ya nusu mwaka.

Kilichobaki hadi leo ni baridi. Mtwara hatuna baridi ya kujivunia, lakini asubuhi za Juni na Julai, upepo wa kusi ukivuma, kidole kile kinakuwa kama si changu, na kushika chupa ya maji iliyotoka kwenye friji sipendi. Nguvu ya kushika imepungua pia. Vidole vya pete na kidogo ndivyo vinavyofunga ngumi kwa nguvu, mtu hajui hilo hadi ashindwe kubana mpini wa nyundo. Washa ndogo, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati, naidondosha, sababu siisikii. Nimejifunza kuishika kwa gumba na kidole cha shahada.

Na kuna jambo la moyo. Nilirudi kazini nikiwa nimepona, na mara ya kwanza niliposikia mnyororo wa chenibloku ukilia, mkono wangu ulijirudisha wenyewe kifuani. Haukuniomba ruhusa. Hali hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kidonda, na nimezungumza na mafundi wengine walioumia, wote wanaijua, na karibu wote wameificha wasije wakaitwa waoga. Si woga. Mwili umejifunza, na unahitaji muda na kazi ndogo ndogo za salama ili ufundishwe tena.

Upande wa fedha nitaueleza kama ulivyo kwenye sheria, kwa kuwa maneno ya mtaani ni mengi na mengi si sahihi.

Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Anayechangia ni mwajiri, peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Ukiumia kazini, mwajiri anatakiwa autaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu alipojua, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Mfuko unagharimia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako, kwa muda usiozidi miezi 24. Hali ikitulia, daktari anapima kiwango cha ulemavu uliobaki kwa asilimia: ukiwa hauzidi asilimia 30 unalipwa mkupuo mmoja, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Kuna pia huduma za utengamao, yaani kukurudisha kwenye kazi, hiyo ya zamani au nyingine unayoweza kuifanya.

Kwangu ofisi ilianza na maneno matamu. "Wewe pona kwanza, fundi, mambo ya fomu tutayaona." Walilipia dawa za mwanzo kutoka mfukoni, wakaniletea na mchele nyumbani. Sina shaka kwamba waliniletea kwa huruma. Ila huruma ina mwisho wake, unakuja kwenye mwezi wa pili, na fomu ambayo haikujazwa inaendelea kutojazwa. Binamu yangu anayefanya kazi za uhasibu ndiye aliyekuja na kalamu na daftari, akakaa kitandani pangu akaandika: tarehe, saa, mota ya ukubwa gani, nani walikuwepo, nani aliambiwa na saa ngapi. Akaipiga picha mota ikiwa bado haijafungwa, akazipiga picha karatasi za hospitali zote, na barua ya kutaarifu akaipeleka mwenyewe ofisini, nakala ikagongwa mhuri. Hakugombana na mtu. Siku ya pili fomu ilikuwa imejazwa.

Nilikuwa na mkataba wa maandishi, ndiyo maana mambo yalinyooka. Tatizo kubwa la huku kwetu ni wale wasio nao.

Msimu wa korosho ukifunguliwa, Oktoba hivi, maghala ya Mtwara, Masasi, Newala, Tandahimba na yale ya upande wa Lindi yanajaa vijana. Korosho ghafi zinafungwa kwenye magunia ya katani, na gunia moja ni kilo 80. Linabebwa mgongoni au kichwani, linapandishwa kwenye ngazi ya magunia mengine, linatuliwa. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, huanzia kilo 23 katika hesabu zake, nazo ni kwa hali bora kabisa, mzigo ukiwa karibu na mwili na mtu hajipindi. Hamali wetu anabeba kilo 80, mara nyingi sana kwa siku, akiwa peku au na ndala. Kule nako vidole vinaumia kwenye kutua: gunia linashushwa, vidole bado vimeshika masikio yake, gunia la juu linafuata.

Kijana huyo akiumia, kila mlango unamwambia aende mwingine. Mwenye ghala anasema vijana ni wa kikundi cha makuli. Kiongozi wa kikundi anasema yeye anaitwa tu kuleta watu, analipwa kwa gunia. Msafirishaji anasema lori lake lilikuja kupakiwa. Lakini mkataba wa kazi si lazima uwe karatasi. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, na mtu anayelipwa kwa gunia ni mfanyakazi kama anayelipwa kwa mwezi. Swali la kuuliza ni kazi ilikuwa ya nani na nani alikuwa anaielekeza. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ile inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inamdai mwenye mahali pa kazi awe na utaratibu wa kuwalinda waliomo ndani.

Kwenye karakana ninakofanya kazi sasa, tumekubaliana mambo machache na hatuyavunji hata mteja akipiga kelele. Hakuna mkono unaoingia chini ya kitu kilichoinuliwa. Kabla mzigo haujatua tunaweka kabari mbili za mbao ngumu, mzigo unatua juu ya kabari, watu wanaachia, wanapumua, ndipo tunauteremsha kwa mtaimbo upande mmoja mmoja. Matundu ya bolti tunayalinganisha kwa chuma chembamba chenye ncha au bisibisi ndefu iliyochakaa; ikibanwa hiyo, tunanunua nyingine. Anayehesabu ni mmoja na sauti ni yake peke yake, lakini neno "simama" anaweza kulitoa yeyote, hata mwanafunzi aliyeanza jana, na likitoka kila kitu kinasimama. Pete zinabaki kwenye kikopo mlangoni. Chenibloku haiazimwi.

Mwishoni mwa msimu uliopita alikuja kwangu kijana mmoja wa ghalani, kidole cha pete kimevimba, amekifunga kwa uzi. Siku ya tatu hiyo, na alikuwa bado anabeba. Kiongozi wake alimpa elfu kumi ya dawa. Nilimpeleka hospitali, pingili ya kati ilikuwa imevunjika. Kisha tukakaa tukaandika daftari kama binamu yangu alivyoniandikia, majina ya waliokuwepo, lori gani, mzigo wa nani, tukapeleka barua ghalani kabla siku 7 hazijaisha. Mwenye ghala alikataa mwanzoni. Tulimsomea sheria kwa heshima, mzee mmoja wa mtaa akiwepo, na akajaza. Dai limepokelewa, malipo bado. Kidole kimeunga kikiwa kimepinda kidogo kuelekea cha kati, na kila jioni anakuja kukunja ngumi nikimtazama. Ncha imebakiza upana wa penseli kufika kiganjani. Anataka kurudi ghalani Oktoba. Ninazungumza na watu wa huko wanunue toroli mbili, na moja aisukume yeye.